Chombo cha kulishia cha ndoo na beseni kwa kuku wa uani: kutoka kaskazi hadi masika ya Malindi

Katika ufugaji wa kuku hakuna kinachomaliza fedha kama chakula, na sehemu kubwa ya hasara haionekani kwa sababu imelala chini, imechanganyika na mchanga na mavi. Kuku hamwagi kwa ukorofi. Ndivyo alivyoumbwa: anachakura kwa miguu, anapekua kwa mdomo, anarusha kushoto na kulia akitafuta punje anayoitaka. Ukimwekea sinia wazi uani, ataingia ndani kwa miguu miwili kabla hujageuka.

Piga hesabu. Tuseme una mitetea 20. Mtetea anayetaga hula gramu 110 hadi 130 kwa siku, tuchukue 120. Hizo ni kilo 2.4 kwa siku. Ikimwagika sehemu 15 katika kila 100, unapoteza gramu 360 kila siku, karibu kilo 11 kwa mwezi. Kama kilo unainunua kwa shilingi 60, ni shilingi 650 hivi kila mwezi. Chombo cha kulishia cha kuzuia hasara hiyo unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa vitu vya dukani. Tunayoyaandika hapa ni yale ambayo sisi tunaofuga uani, Barani, Maweni, Muyeye na kwingineko hapa Malindi, tumeyajua kwa kutengeneza vyombo hivi na kuviangalia vikipita kiangazi cha kaskazi na mvua za masika.

Kabla ya kushika msumeno, tazama chakula chako. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu picha nyingi zinazosambaa ni za chombo cha paipu: paipu ya maji taka ya inchi 4, imesimamishwa ukutani, chini ina elbo, yaani kiungo cha kona, na kuku anadonoa kwenye mdomo wa paipu. Ni kitu kizuri machoni na hufanya kazi vyema kwa mahindi mazima, mtama au chakula cha vidonge. Lakini wafugaji wengi wa huku hulisha mashi, yaani ule unga wa kuchanganywa, na mashi ina tabia yake. Haiteleziani. Chembe zake ndogo hushikana, na hewa yetu ya bahari yenye unyevunyevu huzishikanisha zaidi. Ndani ya paipu nyembamba hujenga daraja: juu mashi imejaa, chini mdomo ni mtupu, na kuku wamesimama na njaa mbele ya chombo kilichojaa. Mwenye nyumba anaona paipu ina chakula, anaondoka akiwa ametulia, na siku ya tatu anashangaa mayai yamepungua. Tena mdomo mmoja wa paipu unamilikiwa na kuku mmoja. Mbabe wa kundi akisimama pale, tembe wadogo, yaani wale ambao hawajaanza kutaga, hawasogei. Kwa kuku 20 utahitaji paipu tano au zaidi, na hapo gharama imeshapita ya ndoo mara kadhaa.

Ukishikilia paipu, basi badala ya elbo moja ya pembe mraba (nyuzi 90) tumia mbili za nusu yake (nyuzi 45) ili mteremko uwe wa taratibu, ning'iniza ndani fimbo au mnyororo wa kutikisa asubuhi, na usijaze hadi juu. Meta moja ya paipu hiyo huingia lita 8 hivi. Sisi kwa mashi tunachagua ndoo: inafungwa katikati ya beseni na kuning'inizwa, na mashi inashukia kwenye beseni kupitia matundu ya chini.

Vifaa ni hivi. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko chake, iliyokuwa na mafuta ya kupikia au kitu kingine cha kuliwa. Ndoo ya rangi iache, na chombo chochote kilichowahi kubeba dawa ya mimea au ya kupe usikiguse hata ukipewa bure. Hakuna kuosha kunakotosha. Beseni gumu la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 10 hadi 12. Bolti nne za milimita 6 zenye washa pana na nati. Waya mgumu wa milimita 3 au 4 usioshika kutu. Meta moja na nusu ya mpira wa maji. Kamba ya nailoni. Plastiki ya mtungi mkuukuu uliopasuliwa na kunyooshwa. Kwenye bolti na waya usibane matumizi: chuma cha kawaida karibu na bahari hushika kutu upesi, na kutu ikilegeza bolti, ndoo iliyojaa inaanguka juu ya kuku.

Geuza ndoo, uchore matundu sita kwa nafasi sawa kuzunguka ukuta wake wa chini, kila tundu likianzia pale ukuta unapokutana na kitako. Upana wa tundu ni sentimita 5. Kimo, anza na sentimita 3 tu. Plastiki ukishaikata hairudi, kwa hiyo tundu liongezwe kidogo kidogo. Toboa pembe za juu kwa keekee kwanza, kisha kata kwa msumeno mdogo kutoka shimo hadi shimo. Pembe ya mviringo haipasuki. Pembe kali iliyokatwa kwa kisu ndiyo inayoanzisha ufa, na ufa ukianza kwenye ndoo iliyobeba kilo 10 haukawii kufika juu. Wapo wanaoyeyusha matundu kwa chuma cha moto. Inawezekana, ila fanya nje, moshi wake ni mbaya, halafu piga msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Sasa inakuja sehemu ambayo vyombo vingi vya kujitengenezea hukosa, nayo ni koni ya ndani. Bila koni, mashi iliyo katikati ya kitako haisogei kamwe. Kuku wanakula ya pembeni, ile ya kati inakaa wiki, mwezi, inavuta unyevu, inavunda, na siku unayoigundua ni kwa harufu. Kata duara la plastiki lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 na nusu. Ondoa kipande cha karibu robo, kama unavyotoa kipande cha chapati, kisha vuta kingo mbili zikutane na uzifunge kwa waya au ribiti. Utapata koni yenye kitako cha sentimita 24 hivi na kimo cha sentimita 10. Inaingia chini ya ndoo ncha ikiwa juu, na kila punje inayoshuka inasukumwa kuelekea kwenye matundu. Kama ndoo yako ni nyembamba chini, punguza kingo hadi ikae sawasawa. Faneli kubwa ya plastiki iliyopinduliwa na kuzibwa ncha nayo inafaa.

Weka ndoo katikati ya beseni, toboa vyote viwili kwa pamoja, pitisha bolti nne vichwa vikiwa ndani na nati zikiwa chini ya beseni, na kila bolti iwe na washa juu na chini. Koni inakaa juu ya vichwa vya bolti na kuvifunika. Usiikazie moja kwa moja. Utahitaji kuitoa siku ya kuosha.

Weka kilo 3 za mashi na utazame inakosimama. Inatakiwa ijae theluthi moja ya kina cha beseni, sentimita 3 au 4, basi. Haishuki? Ongeza kimo cha tundu hadi sentimita 4, mwisho 5. Inamwagika hadi ukingoni? Ziba tundu moja au mawili kwa kipande cha plastiki. Mashi iliyosagwa laini huhitaji tundu kubwa, na mahindi ya kuparazwa huhitaji dogo. Ukibadilisha duka la chakula, rudia jaribio hili, maana usagaji haufanani. Kanuni ya theluthi usiilegeze hata kwa huruma: kihori kilichojazwa hadi juu ndicho kinachomwaga kupita vyote, na kuku hashibi zaidi kwa kuona chakula kingi.

Ukingo nao una kazi. Pasua mpira wa maji kwa urefu na uuvalishe kwenye mdomo wa beseni, kuzunguka kote. Unazuia mashi kuteleza nje na unamkinga kuku asikwaruzwe shingo. Halafu weka vijiti vya waya kutoka ukuta wa ndoo hadi ukingo wa beseni, kimoja kila sentimita 7. Mzingo wa beseni la sentimita 45 ni sentimita 141, kwa hiyo utapata nafasi 20. Vijiti hivi ndivyo vinavyobadilisha kila kitu, kwa sababu kuku anaweza kudonoa chini lakini hawezi kufagia mdomo kulia na kushoto, na kule kufagia ndiko kulikokuwa kunamwaga. Vinamzuia pia kupanda na kuchakura ndani. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu la ziada, fanya hili.

Toboa matundu matatu karibu na mdomo wa ndoo, pitisha kamba tatu zikutane sentimita 40 juu ya kifuniko, kisha kamba moja iende kwenye boriti. Kamba tatu zilizobana namna hiyo zinamnyima kuku mahali pa kutulia juu ya kifuniko. Akipata pa kutua, atalala pale na kunya ndani ya beseni, na kinyesi kwenye chakula ndiyo njia fupi ya kuhara damu na minyoo.

Urefu wa kuning'iniza: ukingo wa beseni ulingane na mgongo wa kuku mfupi kuliko wote kundini. Chini ya hapo wanamwaga, juu ya hapo wadogo hawafiki. Tembe bado wanakua, kwa hiyo pandisha kamba kila wiki kwa kidole kimoja au viwili. Kama beseni linabembea sana wakigombania, fungia tofali kwa kamba chini yake litulie.

Siku ya kwanza watakiogopa. Watakizunguka, watakunja shingo, jogoo atapiga kelele. Usiondoe sinia lao la zamani siku hiyo. Acha vyote viwili kwa siku mbili tatu, sinia ukilipunguzia chakula, beseni ukilinyunyizia punje chache za mahindi juu. Maji yaweke mbali na chakula, angalau meta moja na nusu. Yakikaa karibu, kuku anatoka kunywa na mdomo umelowa, anadonoa, na kila donoo linaacha tone. Kufikia jioni kuna tope gumu mbele ya kila tundu.

Wiki ya pili pima. Tandika gunia chini ya chombo asubuhi, likusanye jioni, chekecha mavi na manyoya, weka kilichobaki kwenye mzani. Kwa kuku 20, chombo kilichokaa sawa kinamwaga gramu chache, si mamia. Pima pia unachojaza kwa wiki nzima, gawa kwa idadi ya kuku, gawa kwa siku saba. Ukipata gramu 160 kwa kuku, hawali hivyo: kuna kumwagika, au kuna panya. Ukipata chini ya 100, tazama kama matundu yameziba, kama maji yanatosha, au kama ni joto. Februari na Machi, kaskazi ikitulia na jua likichoma, kuku hula alfajiri na jioni, mchana anatweta tu kivulini. Wakati huo usishangae akipunguza, ila hakikisha saa kumi na mbili asubuhi anakuta mashi mpya.

Panya wanataka aya yao. Panya mkubwa hula gramu 25 hivi kwa usiku mmoja, na anachochafua kwa mkojo na mavi kinazidi anachokula. Kuning'iniza peke yake hakumzuii, kwani anashuka kwenye kamba kama baharia. Weka juu ya kifuniko, kwenye kamba, sahani ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 35 au zaidi iliyotobolewa katikati na kufungiwa fundo chini yake. Akiikanyaga inainama na kumwangusha. Njia iliyo bora kuliko zote haina gharama: giza likiingia kuku hawali, basi shusha chombo ukifungie ndani hadi alfajiri.

Na kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu waliotuvamia pwani yote. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja, na anayefuga kuku huku hahitaji kuelezwa sababu. Wanakula mayai, wanabeba vifaranga, na chakula kilicho wazi ndicho kinachowaita. Chombo kikae ndani ya banda au chini ya wavu. Nyavu kuukuu za wavuvi zinatosha kabisa, ila zikaze vizuri, maana wavu uliolegea hunasa miguu ya kuku wenyewe.

Kisha inakuja masika. Kuanzia Aprili, na zaidi Mei, upepo wa kusi huleta mvua ya kulala, inayoingia kwa ubavu. Chombo kilichokuwa sawa kabisa kiangazi, sasa kinalowa upande mmoja. Kihamishie upande wa banda ulio na ukuta kusini na mashariki, meta moja na nusu kutoka uwazi. Makuti yakivuja, hata tone moja moja, weka koni pana ya plastiki juu ya kifuniko. Na jambo kubwa: acha kujaza ndoo. Ndoo ya lita 20 inabeba kilo 10 hadi 12 za mashi, chakula cha siku nne au tano kwa kuku 20. Kiangazi jaza. Masika weka cha siku mbili, basi.

Sababu ni ukungu. Mahindi na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yakipata unyevu na joto huota kuvu, na aina moja ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haiondoki kwa kuanika juani wala kwa kukaanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Ukambani, waliokula mahindi yaliyovunda. Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya njugu yenye sumu hiyo hiyo. Kuku huistahimili zaidi kuliko bata, na ndiyo maana hatari kwake ni ya kimya: ini linaharibika, mayai yanapungua, maradhi mengine yanampata kwa urahisi, na sumu kidogo inaweza kupita hadi kwenye yai unalompa mtoto. Ukiona mabonge, rangi ya kijani au kijivu, au ukinusa harufu ya ghala lililofungwa, fukia. Usiwape bata ukidhani unaokoa kitu. Wao ndio wanaodhurika upesi zaidi. Inauma kufukia chakula ulichonunua, tunajua.

Gunia nalo lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta, liwe juu ya mbao. Nunua cha wiki mbili, usirundike.

Mara moja kwa wiki acha chombo kiishe kabisa hadi alasiri. Ile vumbi ya chini ambayo kuku huikwepa ndiyo yenye madini na vitamini, na hawataila hadi punje ziishe. Kisha fungua koni, osha beseni, anika mpaka pakauke kabisa. Chombo chenye unyevu kilichojazwa mashi mpya kinaanza kuvunda siku hiyo hiyo.

Machicha ya nazi, wali uliobaki na dagaa visiingie kwenye ndoo. Machicha huchacha ndani ya saa chache kwa joto letu. Yape sahani yake na uitoe kabla ya adhuhuri. Dagaa wa chumvi waoshe na uwakaushe, kwani chumvi nyingi huwafanya kuku wanywe kupita kiasi na kuharisha.

Vifaranga wawe na chombo chao, na si kwa sababu ya kimo tu. Mashi ya kutagia ina kalsiamu nyingi, ya kutengenezea ganda la yai, na kwa asiyetaga bado huharibu figo. Kwao chukua kopo la lita 4 na sahani yenye kipenyo cha sentimita 25, matundu ya upana wa sentimita 3 na kimo cha 2, vijiti vya waya kila sentimita 4, na ukingo usiozidi sentimita 4 kwenda juu. Wiki mbili za kwanza kikae juu ya kipande cha mbao. Baada ya hapo kining'inize usawa wa mgongo wao kama cha wakubwa, na ukiweke ndani ya uzio ambao kifaranga anapenya na mama yake hapenyi.